Natoka utafiti wa malisho naingia ugani, nianzie wapi nisije nikaaibika?

Majani_Mabichi

Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni.

Naombeni ushauri, tena wa ukweli, msinionee huruma. Nina miaka nane kwenye utafiti wa malisho, kazi yangu nyasi na mikunde ya mifugo, yaani kupanda ploti, kukata kila baada ya wiki sita au nane, kupima uzito mbichi, kupeleka sampuli kwenye oveni nyuzi 65 mpaka zikauke, kupima tena, kuandika. Kila aina ploti nne, fremu ya mita moja ya mraba, nimefanya hivyo mpaka naota. Sasa nimepata kazi ya ugani, malisho yaleyale ila safari hii hakuna ploti, kuna watu. Wengi ni wafugaji wadogo wa ng'ombe wa maziwa wanaokata majani na kulishia bandani, halafu pembeni kuna wachungaji wenye makundi makubwa. Naanza baada ya wiki mbili.

Kinachonitisha ni kitu kilichonitokea mwaka jana. Kituoni kulikuwa na siku ya wakulima, nikapewa nusu saa niongelee aina zetu mpya za nepia (mabingobingo kwa wanaoyaita hivyo). Nikapanga maneno yangu vizuri, protini ghafi asilimia ngapi, nyuzinyuzi ngapi, tani ngapi za uzito mkavu kwa hekta, chati na rangi zake. Watu wamekaa kimya wananitazama kwa adabu. Mwishoni mama mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Haya ya kwanza uliyosema yanazaa sana, ukiyakata na kuyabeba kichwani yanawasha?"

Jamani nilikauka. Sikujua. Miaka nane sijawahi kubeba tita la hayo majani kichwani, wanaokata ni vibarua, mimi nasimama na mizani na daftari. Kwenye daftari langu kuna safu ya urefu, safu ya machipukizi, safu ya magonjwa, safu ya kuwasha haipo. Nikajibu kitu cha ovyo ovyo hivi, watu wakacheka kidogo, tukaenda kula.

Sasa nauliza:
Mwezi wa kwanza nifanye nini hasa? Nianze na teknolojia ipi? Protini namwelezaje mtu ambaye hajawahi kuona maabara? Na nikiulizwa vitu nisivyovijua, maana najua vitaanza siku ya kwanza tu, mbuzi kakohoa, kuku kafa, nafanyaje?

Nawasilisha.

---

Ngojea_Masika

Hongera kwanza kwa kazi. Mimi nakaa hapa pembeni na kiti changu nangoja waje wajuzi. Ila hilo swali la kuwasha limenichekesha sana aisee, huyo mama angefaa kuwa msimamizi wako wa utafiti.

---

BwanaShamba_Mkongwe

Marahaba binti. Mimi nimefanya ugani miaka mingi na sasa nimepumzika, kwa hiyo nina muda wa kuandika, vumilia urefu.

Mwezi wa kwanza usifundishe. Najua bosi atataka ripoti ya mafunzo, mpe ya kukutana na vikundi, lakini wewe mwenyewe zunguka. Na ukifika kwa mtu usianzie sebuleni wala usianzie shambani, anzia kwenye hori. Chungulia ng'ombe kaacha nini. Ukikuta mashina magumu yamejaa chini na majani yameliwa yote, umeshajua kila kitu, huyu anakata majani yakiwa yamekomaa mno na hakatikati vipande, na nusu ya jasho lake inageuka kuwa samadi bila kupita tumboni. Halafu angalia kinyesi, kikiwa kigumu kimepangika kama matofali ujue ng'ombe anakula nyuzi tupu na pengine maji hayamtoshi. Halafu ndiyo uulize. Nani anakata? Anatembea umbali gani? Kiangazi mnalisha nini, na kinaanza kuuma mwezi gani? Hilo la mwisho uliulize kila nyumba na uandike, baada ya nyumba ishirini utakuwa na kalenda ya njaa ya mifugo ya eneo zima, na hakuna mtafiti atakayekuletea kitu kama hicho.

Kuhusu protini. Neno lenyewe watu wanalijua siku hizi, shida ni kwamba halina uzito mkononi. Wewe unajua kwamba protini ikishuka chini ya asilimia 7 vile vijidudu vya tumboni vinakosa naitrojeni ya kufanyia kazi, majani yanakaa tumboni muda mrefu, ng'ombe anashiba bila kupata kitu na anapunguza kula. Usiseme hivyo. Kata tita moja la nepia lenye urefu wa mita moja hivi, na tita lingine kwenye nepia iliyomzidi mtu kimo, shamba lilelile, uyaweke yote mawili mbele ya ng'ombe mmoja na wenyewe wakiwa wamesimama. Nyamaza. Ng'ombe atafundisha. Baadaye wavunje shina la kila moja kwa mikono, wataona lile la zamani linavyokataa kuvunjika, hapo waambie hilo ndilo ng'ombe anahangaika nalo usiku kucha.

Kitu kingine ni mizani ile ya kuning'iniza, nunua yako hata kama kazini hawakupi. Watu wengi wanaamini ng'ombe anashiba kwa sababu "tunampa matita mawili kila siku". Pima. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji karibu asilimia 3 ya uzito wake kwa siku ikiwa ni chakula kikavu, yaani kilo 12. Nepia mbichi karibu asilimia 80 ni maji, kwa hiyo hizo kilo 12 zimo ndani ya kilo 60 za majani mabichi. Matita mawili ya kilo ishirini ishirini ni 40. Huyo ng'ombe analala na njaa kila siku na mwenyewe analaumu mbegu ya dume. Nimeona watu wakiuza ng'ombe mzuri kabisa kwa sababu hiyo, halafu aliyenunua akampa majani ya kutosha na ndoo ya maji isiyokauka na maziwa yakapanda, ukawa ugomvi, wa kwanza anadai alidanganywa.

Mizani ikishapima mara moja mbele ya mtu, hutahitaji kubishana tena.

---

Toka_Ploti

Mkuu nimepita njia yako hiyohiyo, utafiti kwanza halafu ugani, na nikaharibu vizuri tu, ngoja nikuoneshe mashimo nilikoangukia.

Shimo la kwanza: nilienda na aina sita za majani kwa mpigo. Kwangu mimi zilikuwa tofauti kabisa, kwa wakulima zote ni majani. Baada ya msimu nauliza "hii ni ipi?" hakuna anayejua, vibao vimeng'olewa na watoto. Peleka mbili, ikizidi sana tatu, na moja kati ya hizo iwe ile waliyonayo tayari ili wawe na cha kulinganishia.

Shimo la pili lilinivua nguo kabisa. Niligawa mbegu za brakiaria, yale majani ya malisho. Mbegu zile unazijua, ndogo, nikasema "pandeni mvua zikianza" nikaondoka zangu. Wakapanda kama wanavyopanda mahindi, jembe linazama, mbegu chini huko, haikuota hata moja kwa wengi wao. Mbegu ile inataka sentimita 1 hadi 2 tu, unaifunika udongo kama unaifunika aibu. Mimi hilo nalijua toka chuo, sikulisema kwa sababu kwangu lilikuwa linajulikana. Mwaka mzima nikawa naitwa yule wa mbegu mbovu. Sasa hivi nikigawa mbegu lazima tupande mstari mmoja pamoja kwa mikono yangu, halafu napewa jembe mimi, wanapenda sana kuona mtaalamu anavyoshika jembe.

Shimo la tatu naliandika kwa aibu. Niliwapa watu pingili za nepia kutoka shamba moja nililoliona zuri. Miezi kadhaa baadaye, baada ya kukatwa mara mbili tatu, machipukizi yanatoka ya njano, mafupi, yamedumaa. Ugonjwa wa kudumaa ule, wa fitoplasma, vijidudu vya jamii ya bakteria. Unaenezwa na wadudu wanaofyonza majani lakini sisi binadamu tunaueneza haraka kuliko mdudu yeyote, kwa pingili. Na mbaya zaidi unajificha, shamba likiwa halijakatwa linaweza kuonekana zima, ukikata ndiyo unaona. Kwa hiyo siku hizi sichukui vipando shamba ambalo sijaliona likichipua baada ya kukatwa. Wewe una jicho la magonjwa tayari, ni mali kubwa hiyo, itumie hapo.

Halafu tani kwa hekta achana nazo. Zile tani zako zimetoka kwenye ploti iliyopaliliwa kwa wakati, imewekwa mbolea kwa kipimo, haijavamiwa na mbuzi wa jirani. Ukiitamka hiyo namba mbele ya watu imekuwa ahadi, na watakudai.

Kuna jambo moja nalipenda kwenye historia ya kazi hii. Mwaka 1903 kule Terrell, Texas, mtaalamu wa kilimo Mmarekani, Seaman Knapp, alitaka kuonesha kilimo kipya, na badala ya kufungua shamba la serikali likawa la maonyesho, akatumia shamba la mkulima wa palepale, mkulima mwenyewe ndiye alime, na watu wa mji wakachanga fungu la kumfidia akipata hasara. Watu wengi wakisimulia wanakumbuka shamba tu, mimi nakumbuka lile fungu. Walijua mtu anaogopa nini. Wewe fungu hutakuwa nalo, kwa hiyo kata hasara iwe ndogo: mistari mitatu pembeni ya shamba, isiliguse shamba la chakula, ikifa hakuna atakayelala njaa. Anayekushawishi uende na robo hekta kwa kila mkulima ili picha zitoke vizuri mkatalie.

---

MamaZizi

Mimi sio mtaalamu, mimi ni yule anayeletewa wataalamu. Nina ng'ombe wawili na mtamba mmoja, nakata majani mwenyewe.

Mdogo wangu, kwanza saa. Mkutano mnaweka asubuhi, asubuhi mimi nimeshakamua, nimepeleka maziwa, niko kwenye majani. Anayekuja kwenye mkutano wako ni yule asiyekata majani. Mnamfundisha kukata sentimita kadhaa kutoka chini, anaitikia, anasaini, anarudi nyumbani haniambii kitu, mimi naendelea na panga langu kama jana. Ukitaka kunipata njoo kwenye majani, nitakusikiliza huku nakata, na ukikata kidogo na wewe nitakusikiliza zaidi.

Pili eneo. Kila mtaalamu anasema panda majani, panda majani. Nipande wapi? Kila shina la majani linakalia nafasi ya kitu ambacho watoto wangekula. Kilichonisaidia mimi ni vile vinavyokaa mahali ambapo hapana kitu kingine, nepia kwenye kingo za makinga maji, kaliandra (mti wa malisho) kwenye uzio, na desmodiamu (mkunde unaotambaa) katikati ya mistari ya mahindi. Hiyo desmodiamu nilielezwa ni ya kufukuza nondo wa bungua na kuzuia kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, na nyasi zile za pembeni ya shamba zinawavuta wale nondo wakatagie huko. Sikuipanda kwa ajili ya ng'ombe kabisa, niliipanda kwa ajili ya kiduha maana kilikuwa kinanimaliza. Ng'ombe alipata bahati tu. Kwa hiyo ukija kwangu na majani niambie kwanza yanatatua shida yangu ipi ya shambani, ng'ombe tutamfikia.

Tatu saileji, yaani majani mabichi yaliyofungiwa bila hewa yachachuke ya kulishia kiangazi. Nilifundishwa tukiwa watu arobaini, mafunzo ya siku moja, tukala tukaondoka. Nikajaribu kwenye mfuko, nikafungua baada ya mwezi, weusi, utelezi, harufu ya kitu kilichokufa. Nikamwaga yote na nikaapa. Baadaye akaja afisa mmoja kijana hivi, sikumwita, alipita tu, akaomba aone nilipomwagia. Akachukua donge akanusa kabisa, halafu akaniuliza majani niliyakata lini. Nikamwambia siku ileile mvua imetoka kunyesha. Akacheka, akakata majani pale pale, akayachanachana vipande vya kama sentimita mbili tatu, akanipa nikamue kwenye ngumi kwa nguvu. Maji yakachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Akasema haya bado, yaache yanyauke mpaka kesho. Kesho yake nikakamua mwenyewe, mkono umelowa tu hautiririshi, nikifungua ngumi donge linafunguka polepole. Hapo sawa. Tukaweka na molasi kidogo kwa sababu nyasi zetu hizi hazina sukari nyingi, tukashindilia kwa kukanyaga tabaka kwa tabaka mpaka hewa yote itoke, tukafunga. Ile ilitoka rangi ya kijani ya njano njano, harufu ya uchachu mzuri kama matunda. Sijaharibu tena mpaka leo. Mafunzo ya watu arobaini hayakunipa hicho, ngumi moja imenipa.

Na ya chumvi pia, alinifundisha yeye. Ukikausha majani hujui kama yamekauka vya kutosha kuhifadhi, unakatakata kidogo unatia kwenye chupa ya kioo iliyo kavu, unaweka kijiko cha chumvi kavu, unatikisa dakika mbili tatu. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, bado yana unyevu, yatavunda. Ikibaki inamwagika yenyewe, weka stoo. Vitu vya namna hiyo mdogo wangu, ndiyo utuletee.

---

Toka_Ploti

@MamaZizi hiyo ya chumvi inaonesha unyevu umepita asilimia 15 hivi, ambao ndio mpaka wa kuhifadhi majani makavu bila ukungu. Oveni yetu ilikuwa inachukua siku mbili kutuambia jibu hilohilo 😂

---

Kalamu_Nyekundu

Mimi niongee ambacho hamtaki kusema. Utafika, utakuta pikipiki moja ya watu watano na mafuta hakuna, utaambiwa ujaze fomu "wakulima waliofikiwa", na hapo ndipo wengi wanapofia, unaanza kufukuzia saini badala ya majani. Sikushauri ugombane na fomu, ijaze. Ila kuwa na daftari lako la pembeni lenye swali moja tu: niliowapa vipando mwaka jana, wangapi bado wanayo, na wangapi wamempa jirani. Hiyo ya jirani ndiyo namba pekee nayoiamini mimi, mtu hampi jirani yake kitu kibovu, akimpa anajua atamwona kila siku.

---

Majani_Mabichi

Wakuu nimesoma yote mara mbili, ya MamaZizi mara tatu. Asanteni sana kwa kweli.

@Toka_Ploti hiyo ya kina cha mbegu imenishtua kwa sababu najijua, ningefanya hivyohivyo.

Naomba niongeze mawili. Wale wachungaji wenye makundi makubwa naogopa sina cha kuwapa, huwezi kumwambia mtu mwenye ng'ombe mia mbili apande nepia. Halafu lile swali langu la vitu nisivyovijua halijajibiwa. Na kwenye mikunde nimejiandaa kidogo, nataka kuwaelezea lukina, ule mti wa mikunde, na ile sumu yake ya mimosini, kuna stori nzuri sana, mtafiti wa Australia Raymond Jones aliona mbuzi wa Hawaii wanakula lukina hawadhuriki kumbe wana bakteria tumboni wanaoimeng'enya, wakahamishia bakteria hao kwa mifugo ya Australia miaka ya 80, na bakteria mwenyewe akaja kupewa jina lake, Synergistes jonesii. Naona itawavutia.

---

BwanaShamba_Mkongwe

Stori nzuri binti, nimeipenda. Ila usiwasimulie mbuzi wa Hawaii kabla hujawaambia lukina isizidi theluthi ya chakula cha siku. Mtu atakumbuka mbuzi, atasahau theluthi.

Nikujibu la usivyovijua. Sema "sijui, nitarudi Alhamisi". Halafu Alhamisi urudi, hata kama jibu hujalipata, urudi useme bado natafuta. Nimeona maafisa wenye elimu kubwa wakipoteza eneo zima kwa kujibu kila kitu papo hapo. Mbuzi akikohoa mpe namba ya mtu wa mifugo, hiyo sio kazi yako na usiguse sindano.

Lakini kuna vichache huna ruhusa ya kutovijua hata ukiamshwa usiku wa manane, kwa sababu vinaua ndani ya saa chache na lawama ni yako uliyewaambia wapande. Mtama mchanga, na hasa ule unaochipua upya baada ya kukatwa au baada ya ukame, una sumu ya sianidi, asilishwe ng'ombe mpaka uvuke sentimita 60, na mtu akikuta mtama wake umedumaa kwa jua halafu mvua imenyesha ukachipua kwa pupa, hapo ndipo pa hatari maana unapendeza machoni. Alfalfa (mkunde wa malisho) mbichi yenye umande kwa ng'ombe mwenye njaa, anajaa gesi, upande wa kushoto unavimba kama ngoma, anaweza kufa mbele yako. Ampe majani makavu kwanza, alfalfa inyauke, ndiyo ampe. Saileji yenye ukungu asipewe mnyama hata kidogo, hasa mwenye mimba. Hayo uyaseme siku unapogawa mbegu, na siku unapopita kuangalia uyarudie. Usingoje waulize, hawataulizia kitu wasichojua kipo.

Wachungaji sasa. Wale hawahitaji nepia, na mara nyingi wanazijua nyasi zao kuliko wewe, wanajua ipi inanenepesha na ipi inajaza tumbo tu. Kaa nao uandike majina. Shida yao mara nyingi ni mapumziko ya ardhi, nyasi hazipewi muda wa kurudisha akiba ya mizizi. Kwa hiyo kazi yako kwao ni mazungumzo marefu ya eneo lipi lifungwe na lini lifunguliwe, na nani anasimamia, na hayo mazungumzo hayaongozwi na wewe. Unachoweza kuleta ni kukata nyasi za asili zikianza kutoa maua na kuzikausha, kabla hazijawa mabua, ziwe za ndama na wagonjwa kiangazi, sio za kundi lote. Ndama tu. Ukisema kundi lote wataondoka.

---

MamaZizi

Mzee kanikumbusha, hiyo ya alfalfa tulipoteza ndama kwa jirani. Mbegu walipewa, onyo hawakupewa.

---

Majani_Mabichi

Narudi na mrejesho kidogo kabla sijaanza rasmi.

Leo asubuhi nimeenda kituoni kufunga mambo yangu, vibarua wanakata zile ploti za mwisho, nikaomba panga. Wakadhani natania. Nimekata mistari miwili ya ile aina yetu ya kwanza, ile yenye tani nyingi, nikafunga tita nikabeba kichwani mpaka kwenye mizani, mita kama mia mbili hivi. Wakuu inawasha! Inawasha vibaya mno, shingo na mikono yote ina michirizi, ina vinywele kwenye ala za majani ambavyo nimeviandika mwenyewe kwenye maelezo ya aina hiyo miaka minne iliyopita, "vinywele vingi", basi, nikaendelea na mambo mengine. Naandika hapa najikuna.

Nikawauliza wale vibarua ipi haiwashi. Wote kwa pamoja wakanionesha ploti ya mwisho kule, aina iliyoshika nafasi ya tatu kwenye ripoti yangu, tukaiacha. Mmoja akacheka akasema hiyo ndiyo huwa wanabeba jioni kupeleka kwa mbuzi wao, miaka yote hiyo, na pingili wameshapanda makwao na majirani zao wameshaomba. @Kalamu_Nyekundu nilikukumbuka palepale.

Nimeongeza safu kwenye daftari. Sasa shida ni kwamba ya hiyo aina kituoni zimebaki ploti nne tu ndogo, pingili zenye macho matatu hazitafika mia mbili. Kuna mwenye uzoefu wa kuzalisha vipando haraka kabla mvua hazijaanza?

---

Toka_Ploti

Usikate pingili za macho matatu basi, utamaliza bure. Ng'oa mashina machache uyapasue, kila chipukizi na mizizi yake, ukate majani ya juu yabaki mafupi, upande mahali pa kumwagilia. Mashina yanayobaki kata jicho moja moja, ulaze kitaluni jicho likiangalia juu, funika udongo kidogo. Na kabla ya yote rudi uziangalie zile ploti zikishachipua baada ya kukatwa leo, kama kuna hata shina moja la njano liache. Hata kwa hao vibarua pita ukaangalie, wana vipando vingi kuliko kituo.

---

Majani_Mabichi

Kesho jioni nimeshaalikwa kwa mmoja wao. Kaniambia nije na panga langu.